Kujifunza mwenendo wa kike bila somo: mazungumzo kutoka Lamu na Malindi

Fundi wa Langoni (mwanzilishi wa uzi huu wa mazungumzo)

Assalamu alaykum, na salamu kwa wote. Nimezaliwa Langoni, Lamu, na kwa miaka mingi sasa nashona nguo za kike mjini Malindi. Tangu ujana wangu nimekuwa nikivaa nguo za kike, mwanzo kwa kujificha kabisa, baadaye mbele ya watu wachache ninaowaamini. Mimi ni mwanamume, sina nia ya kubadili jinsia, wala sitaki kumhadaa mtu yeyote. Ninapovaa dera na mtandio jioni, mlango ukiwa umefungwa, roho yangu hutulia kwa namna ambayo sijaipata kwa kitu kingine. Najua wako wenzangu katika mwambao huu, kwa sababu baadhi yao wameketi mbele ya cherehani yangu wakisema kwamba gauni wanalolitaka ni la dada zao, ilhali vipimo walivyonipa vilikuwa vya miili yao wenyewe. Sikuwauliza neno. Niliwashonea.

Ninalotaka tulizungumze ni ugumu wa kujifunza. Wengi hudhani kwamba shida iko katika nguo, lakini nguo hununuliwa, na asiyepata dukani hupata kwenye mitumba. Shida iko kwingine. Msichana wa Lamu hafundishwi uanamke kwa siku moja. Mama humwambia akusanye miguu anapoketi, nyanya humrekebisha anavyofunga leso, shangazi humkanya sauti yake ikipita ukuta, na anapokaribia kuolewa hukabidhiwa somo, yule mwanamke mzima anayemfunza mambo ya mwili, ya usafi na ya nyumba. Hiyo ni miaka kumi na tano au zaidi ya kutazamwa na kusahihishwa kila siku, tena na watu wanaompenda. Mwanamume huanza akiwa na miaka 25 au 40, usiku, peke yake, na mwalimu wake ni kioo. Kioo humwonyesha sura iliyosimama tu, na hali watu humsoma mtu anapotembea, anapoinuka, anapopokea kikombe na anapogeuka akiitwa. Hana somo, na kukosa somo ndiko kunakozaa karibu makosa yote niliyoyafanya mimi na niliyoyaona kwa wengine.

Nianze na umbo, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu. Mabega ya mwanamume kwa kawaida ni mapana kuliko nyonga zake, na kwa mwanamke mara nyingi nyonga ndizo zinazotawala. Kwa hiyo gauni la dukani linalomtosha mabegani hupwaya chini, na linalomkaa vizuri nyongani humbana mgongoni hadi mshono wa kwapa ukafumuka. Dawa yake si kununua gauni kubwa zaidi. Namshonea mkono unaounganishwa shingoni badala ya begani, ili jicho lisipate mstari wa bega wa kuufuata. Naikata shingo kwa pembe inayoshuka kifuani. Naepuka kabisa marinda ya begani, halafu upana wote wa kitambaa naushusha chini ya kiuno. Na kiuno chenyewe lazima kipandishwe, kwa sababu mwanamume amezoea kufunga mshipi chini ya kitovu, na gauni lililokatwa kwa kipimo hicho humfanya aonekane kama gunia lililofungwa katikati.

Kuhusu kujaza nyonga, mama zetu wa Kigiriama walilijua jambo hili zamani sana. Hando, ile sketi fupi ya marinda mengi, ilibuniwa makusudi iyakuze makalio na nyonga. Anayedhani kwamba kujaza umbo ni uzushi wa wanaume wachache na awatazame akina mama wa Kigiriama wanapocheza katika sherehe za kumkumbuka Mekatilili wa Menza. Kwa matumizi ya nyumbani, sponji ya godoro inatosha, ila kingo zake zikatwe taratibu hadi ziwe nyembamba kama karatasi, na ikae ubavuni mwa mfupa wa nyonga, si juu kiunoni, kisha ifunikwe kwa soksi ndefu za kubana, mbili moja juu ya nyingine. Kifuani, soksi zilizokunjwa hazina uzito, na kitu kisicho na uzito hakisogei mtu anapoinama. Mchele au mtama ndani ya kitambaa laini kilichofungwa vizuri hufanya kazi nzuri zaidi. Wanaoanza karibu wote hukipandisha kifua juu mno. Kwa mwanamke mzima, mahali pake huwa karibu nusu ya safari kutoka bega hadi kiwiko.

Viatu nitavitaja kwa ufupi. Madukani vya kike kwa kawaida huishia namba 41 au 42, na wengi wetu tunavaa 43 na zaidi. Msihangaike na visigino virefu. Champali za wazi zinatosha, na ndizo wanawake wa huku wanazovaa.

Kijana wa Maweni

Fundi, nakushukuru kwa kuandika mambo ambayo sijawahi kuyasoma kwa lugha yangu. Swali langu ni la ndevu. Nanyoa hadi ngozi inawaka, napaka poda, lakini baada ya nusu saa kidevu changu huwa na rangi ya majivu. Katika joto la kaskazi hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa jasho huyeyusha kila kitu. Naomba msaada wa mwenye ujuzi.

Mpambaji wa Malindi

Kaka zangu, mimi ni mwanamke na kazi yangu ni kuwapamba maharusi hapa Malindi. Wanaume wawili wamewahi kuniomba niwafundishe, nami nikakubali, kwa hiyo ninayoyasema nimeyafanya kwa mikono yangu.

Kijana, hayo majivu hayatokani na uchache wa poda. Mizizi ya ndevu iko chini ya ngozi na huonekana kama kivuli cheusi. Ukikifunika kivuli hicho kwa rangi nyepesi kuliko ngozi yako, unapata kijivu. Kwanza kiondoe kivuli kwa rangi ya machungwa iliyokolea kuelekea nyekundu, uipake nyembamba mno, kwa kugongagonga na ncha ya kidole, mahali penye ndevu peke yake. Juu yake weka fandesheni inayolingana na shingo yako, si na uso wa mtu uliyemwona kwenye picha. Poda ije mwisho, nayo ikandamizwe, isisuguliwe. Ukisugua unaichanganya rangi ya chini na ya juu, na kazi yote inaharibika. Kuhusu kunyoa, laini ngozi kwa maji ya moto, nyoa kwa kufuata mwelekeo wa nywele, na usiikwaruze ngozi kila siku. Nywele zetu zimejikunja, na zikikatwa chini mno hurudi kuingia ndani ya ngozi, zikaleta vipele ambavyo hakuna rangi itakayovificha.

Nyusi msizinyoe. Ondoeni vinywele vichache vya chini tu, la sivyo Jumatatu kazini mtaulizwa. Hina nayo mfikirie kabla ya kuipaka, kwa kuwa hukaa mkononi wiki moja hata mbili au zaidi, na hakuna sabuni ya kuiondoa. Wapo waliopaka Ijumaa kwa furaha, wakaishi siku kumi na mikono mfukoni. Piko ni hatari zaidi, maana mara nyingi ni dawa ya kutia nywele rangi, nayo huweza kuchoma ngozi hadi ikatoa malengelenge.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko hayo yote, na nimelikuta kwa wanafunzi wangu wote wawili. Kila mmoja alitaka uso wa bibi harusi. Nililielewa ombi lao, kwa kuwa mwanamume wa huku hualikwa kumtazama mwanamke kwa makini siku moja tu, anapokuwa bibi harusi, na picha hiyo ndiyo inayomkaa moyoni. Hamjui kwamba sisi wenyewe hatuonekani hivyo. Simameni asubuhi karibu na soko la Malindi mwatazame wanawake kwa heshima: wanja kidogo, mafuta ya midomo, mtandio uliofungwa safi, basi. Uso wa harusi juu ya dera la nyumbani humvuta kila mpita njia ageuke, na hicho ndicho mnachokiogopa. Hapo ndipo nilipomwelewa fundi anaposema kwamba hamna somo. Somo wangu alinifundisha kupaka wanja kwa mwezi mzima kabla hajaniruhusu kugusa rangi ya mdomo.

Msomaji wa Shela

Napenda kuongeza jambo la sauti, kwa kuwa ndilo lililonichukua muda mrefu kuliko yote. Mvulana anapobalehe, koo lake hukua na nyuzi za sauti hurefuka na kuwa nene, na mabadiliko hayo hayarudi nyuma. Sauti ya mwanamume mzima kwa wastani hutetema kama mara 120 kwa sekunde, ya mwanamke kama mara 200. Nilipoyasoma hayo nilidhani kazi yangu ni kuipandisha sauti tu, nikaanza kusema kwa sauti ya juu ya puani ambayo ilimchekesha kila aliyeisikia na kuniacha na koo linalouma. Nilikosea. Kinachoifanya sauti isikike ya kike si kimo chake peke yake, bali pia mahali inapovumia: ya mwanamume huvuma kifuani, ya mwanamke huvuma mbele, karibu na meno na midomo. Mtu anaweza kukipandisha kimo kidogo tu, kisha akajizoeza kuileta sauti mbele, na masikio ya watu yakaridhika. Nafanya mazoezi ya dakika kumi kwa siku, nikisoma kwa sauti, na koo likianza kuuma naacha papo hapo.

Tuna neema moja ambayo wenzetu wa baadhi ya lugha nyingine hawana. Kiswahili hakimtenganishi mwanamume na mwanamke katika viwakilishi. Ni yeye, amekuja, ameondoka. Mtu anaweza kuzungumza nasi saa nzima bila kulazimika kuamua jinsia yetu. Lugha yetu hutenganisha mahali pengine, katika majina ya udugu na heshima. Siku ya kwanza niliyoitwa dada, na muuza mboga asiyenijua, nilisahau kujibu, nikabaki nimesimama na sukumawiki mkononi. Hakuna zoezi la kioo lililonitayarisha kwa neno hilo.

Mzee wa Mkomani

Wanangu, nimesoma yote haya kwa masikitiko, wala sikuja kutukana. Iko hadithi sahihi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, amewalaani wanaume wanaojifananisha na wanawake na wanawake wanaojifananisha na wanaume. Lamu ni mji wa dini. Kila mwaka watu hutoka mbali kuja kwetu kwa Maulidi ya Riyadha. Mnafundishana nini?

Fundi wa Langoni

Mzee wangu, nakushukuru kwa kusema kwa upole, maana wengi wangesema kwa mawe. Hadithi hiyo naijua. Imo katika Sahihi ya Bukhari, kutoka kwa Ibn Abbas, na nimeisoma mara nyingi kuliko hadithi nyingine yoyote. Najua pia kwamba Imamu Nawawi, ambaye sisi watu wa madhehebu ya Shafii tunamtegemea, alipowazungumzia wanaume wenye mwenendo wa kike aliwagawa sehemu mbili: yule aliyeumbwa hivyo bila kujitia, ambaye hana lawama wala dhambi kwa maumbile yake, na yule anayejitia makusudi. Sidai kwamba maneno hayo yananiruhusu kuvaa dera. Yeye anasema juu ya maumbile, na mimi mkono wangu mwenyewe ndio unaolichukua dera sandukuni. Nayataja ili ujue kwamba wanazuoni walimtazama mtu wa namna hii kwa makini kabla ya kumhukumu.

Na kwa kuwa umeitaja Lamu, mpaka wenyewe haujachorwa mahali pamoja kila nchi. Mwanamume wa Lamu hujifunga kikoi, hupaka wanja machoni, hujifukiza udi, na siku ya furaha huona fahari kunukia asumini. Mgeni wa bara huyaona hayo yote kuwa ya kike. Sisi hatuyaoni hivyo. Mimi nimeuvuka mpaka wetu, nalikiri hilo, na hesabu yangu iko kwa Mola wangu. Ninachowaombea vijana hawa ni kwamba wasijiumize kwa ujinga wakiwa peke yao gizani.

Mke wa Malindi

Mimi ni mke wa mmoja wenu, na nimejiunga hapa kwa ajili ya uzi huu tu. Mwaka wa sita wa ndoa yetu nilikuta nguo zangu mbili zimefumuka kwapani, na sidiria yangu imevutika hadi haifai tena. Niliamini kwamba mume wangu anamleta mwanamke nyumbani. Nililala na shaka hiyo kwa miezi kadhaa, nikakonda, nikawa namchunguza kila mwanamke mtaani. Aliponiambia ukweli nililia, na sehemu ya machozi yale ilikuwa ya nafuu, kwa kuwa hakukuwa na mwanamke mwingine. Sehemu nyingine ilikuwa ya hasira, kwa sababu aliniacha niteseke ilhali jibu alikuwa nalo.

Mnazungumza juu ya mabega na wanja. Zungumzeni na hili pia. Msivae nguo za wake zenu kwa siri. Nguo ya mtu ni mwili wake. Sijafika mahali pa kumtazama akiwa amevaa, na huenda nisifike. Tumekubaliana kwamba ana kabati lake lenye ufunguo, ana jioni yake moja, na watoto hawahusishwi. Juzi aliniuliza namna ya kufunga mtandio usiteleze, nikamwonyesha kwa kujifunga mimi mwenyewe, yeye akitazama. Hapo ndipo nilipoweza kufika.

Fundi wa Langoni

Dada yangu, maneno yako nimeyasoma mara tatu. Hayo uliyomfanyia mumeo kwa mtandio ndiyo niliyokuwa nayatafuta nilipouanzisha uzi huu.

Kabla sijasema la mwisho, nataka niliseme la usalama, kwa kuwa baadhi yenu mmeniandikia faraghani kuhusu buibui. Kijana anaona kwamba buibui na nikabu humfunika kila kitu, basi kuna njia gani rahisi zaidi ya kutoka nje? Namsihi asifanye hivyo. Kwanza, buibui halifichi anayoyadhani. Likiufunika mwili, linabakiza hatua, mikono, miguu na macho, na wanawake wa Lamu hutambuana kwa vitu hivyo hivyo kutoka upande wa pili wa kichochoro. Pili, kaunti yetu ya Lamu imepita katika hofu kubwa tangu mashambulio ya Mpeketoni na vijiji vya jirani ya Juni 2014, ambapo watu zaidi ya 60 waliuawa, na mwanamume atakayekutwa ndani ya nikabu hatapewa muda wa kujieleza. Atadhaniwa kuwa mshambuliaji au mwizi, na umati haungoji polisi. Tatu, na hili kwangu ndilo zito kuliko yote, buibui ni amana ya wanawake. Katika harusi zetu wao hulivua wakiwa na hakika kwamba hakuna mwanamume ukumbini. Atakayeingia humo kwa kujificha atakuwa amewaibia hakika hiyo, nami sitamshonea hata kifungo.

Kuhusu sheria, vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu ya Kenya, ambavyo Mahakama Kuu ilikataa kuvibatilisha tarehe 24 Mei 2019, vinahusu matendo ya ngono na havitaji nguo. Hata hivyo, mtu aliyezungukwa na umati barabarani hana nafasi ya kufungua kitabu cha sheria. Jifunzieni ndani, penye mtu mmoja mnayemwamini.

Mtu wangu huyo ni dada yangu mkubwa. Nilimweleza siri yangu baada ya mama yetu kufariki, tulipokuwa tukigawana vitu vya nyumba, nikakiomba kile ambacho hakuna mtoto wa kiume angekiomba, yaani mitalawanda ya mama, vile viatu vya mbao alivyovaa akienda kuoga. Dada alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akanipa, akaniambia nivivae nitembee kutoka chumba cha ndani hadi kiwandani, yaani ule uwanja wa ndani ya nyumba, na kurudi. Miguu yangu ilizidi nje ya mbao kwa upana wa vidole viwili. Yeye aliketi chumbani, akafumba macho, akawa anasikiliza mlio wa mbao sakafuni, kwa kuwa mama alikuwa akitambulikana nyumbani mwote kwa mlio ule. Nilikwenda na kurudi jioni nzima, na kila nilipofika mlangoni alinirekebisha bila kufumbua macho: hatua ndefu, goti limekakamaa, unakimbilia wapi. Mitalawanda haimruhusu mtu kupiga hatua ndefu. Kigingi kilicho baina ya vidole humwadhibu papo hapo.

Mara ya mwisho nilipofika mlangoni alinyamaza, nikadhani amesinzia.

"Mguu wa kulia bado mzito," akasema. "Rudia."